Mtoto kaniuliza kama Dar iliwahi kupigwa bomu, nikakosa kitabu cha kumpa

mwalimu_wa_zamu (mwanzisha uzi)

Habari za usiku wadau. Uzi ni mrefu naomba mnivumilie, hili jambo limenikaa kifuani wiki ya tatu sasa.

Mi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Dar, nafundisha darasa la tano. Siku hiyo tulikuwa na kipindi cha Kiswahili tunasoma ufahamu, wala haukuhusu vita, ulihusu usafiri wa majini. Mtoto mmoja wa kike akanyoosha mkono, mwalimu eti ni kweli Dar iliwahi kupigwa bomu, kaka ake kamuonesha klipu kwenye simu. Nikamwambia ndio, tarehe 7 Agosti 1998, ubalozi wa Marekani, Oysterbay. Kabla sijaendelea sauti ikatoka nyuma, "walikuwa Waislamu". Hapo darasa karibu lote likageuka kumwangalia mtoto mmoja anaekaa dawati la dirishani. Ilikuwa Ijumaa, kanzu kaikunja kaiweka kwenye begi, kofia iko mfukoni inaonekana nusu. Ana miaka kumi. Hakusema neno, akainama akaanza kuchora chora nyuma ya daftari.

Nikasawazisha pale nilivoweza lakini nikatoka darasani najua sijawapa kitu. Mtoto ukimweleza dakika tano jambo zito kama lile, akifika nyumbani kilichobaki kichwani ni ile klipu tu. Nikaanza kutafuta hadithi ya kuwasomea. Nimepekua maktaba yetu, nimezunguka kwa wauza vitabu Posta mpaka Kariakoo, nikauliza na walimu wenzangu wa shule nyingine. Hadithi ya kihistoria ya Kiswahili inayomweleza mtoto wa darasa la tano siku ile, sikuipata. Za sungura zipo tele, za usafi wa mazingira zipo, za mtoto mvivu aliefeli mtihani ndo usiseme.

Kwaiyo nimeanza kuandika mwenyewe, na ndo sababu ya uzi huu.

Mwaka ule nilikuwa na miaka tisa, tunakaa Mwananyamala. Nilichobaki nacho ni vitu vidogo vidogo. Mlio mmoja mzito kama mlango wa kontena umebamizwa, vyombo vikatikisika kabatini, kuku wa jirani wakapiga kelele alafu kimya. Bibi akasema radi hiyo, akatoka nje kuangalia mbingu, mbingu nyeupe hata wingu la dawa hakuna. Kesho yake ilikuwa Nane Nane, mama alishatuahidi kutupeleka kwenye maonesho, hatukwenda, na mi nililia kwa ajili ya maonesho wakati watu wazima wanalia kwa ajili ya watu. Nimeona aibu ya kile kilio miaka mingi sana. Nilipoanza kuandika ndo nikagundua mlango wenyewe ndo ule. Rais na majenerali mtoto hawajui, anachokijua ni safari ambayo haikwenda, chakula kilichopoa kinamsubiri mtu, mama anaongea kwa sauti ya chini na jirani mlangoni.

Kwa wale wadogo ambao hawakuwepo, ilikuwa hivi. Mabomu mawili, Nairobi na Dar, yamepishana dakika chache tu, saa nne na nusu kwenda saa tano asubuhi. Nairobi walikufa watu 213, Dar 11, jumla 224. Wamarekani katika hao wote ni 12, na wote walifia Nairobi. Wale wengine ni walinzi, makarani, wanafunzi, wapita njia, wauza duka, watu wetu waliotoka nyumbani asubuhi kwenda kutafuta riziki. Huku kwetu lori lililobeba bomu lilishindwa kuingia getini kwa sababu boza la maji la ubalozi lilikuwa limekaa njiani. Likalipukia pale pale nje. Boza likarushwa, dereva wake akafariki. Mtu aliekuwa kazini analeta maji.

Hilo boza sijaweza kuliacha. Dar ile ya mwaka 98 boza la maji kila mtoto alikuwa analijua, likiingia mtaani mnakimbilia madumu, mnapanga foleni, mnaita dereva kwa jina. Kwaiyo mhusika wangu ni mtoto wa kike nimemwita Tatu, ana miaka kumi, baba ake ni dereva wa boza. Sio boza la ubalozi. Hili la baba ake linapeleka maji kwenye majumba ya Msasani na Oysterbay. Yule dereva wa kweli ana ndugu zake, sioni kama ni haki yangu kumtia maneno mdomoni wala kumbunia mtoto. Lakini naweza kumweka Tatu pembeni yake. Siku ile habari ikaenea mtaani kwamba kuna boza limelipuka Oysterbay. Boza tu, la nani hakuna anaejua. Simu ya mkononi ilikuwa kitu cha matajiri. Kwaiyo sura ya tatu nzima, Tatu anasubiri. Anajaza dumu, anamwaga, anajaza tena. Kila lori likilia barabarani anatoka. Jioni baba anarudi kwa miguu, vumbi mpaka kwenye kofia, barabara zilifungwa akaliacha gari. Usiku huo Tatu anajua kuna nyumba nyingine ambayo kuna mtoto alisubiri hivo hivo na baba hakurudi.

Nimekwama sehemu mbili. Ya kwanza damu, niioneshe au niifiche, na kama naionesha kiasi gani. Ya pili dini. Wahusika wa tukio walisema wanafanya kwa jina la dini, na ukiiacha mtoto ataisikia kwa mwingine, nikiiandika vibaya yule wa dirishani ataangaliwa tena. Naomba mawazo, hasa wazazi na wanaoandika.

mama_wa_mapacha

Mwalimu pole na kazi, ila mi napingana na wewe kabisa na sitaficha. Watoto wana muda gani wa utoto? Wangu wana miaka tisa, mmoja akisikia tu mlango umegonga kwa upepo anakuja kulala chumbani kwetu. Alafu nimnunulie kitabu cha bomu? Hizi habari watazijua wakifika sekondari, kuna somo la historia, kuna walimu waliosomea. Waache na sungura wao kwanza. Mi nilivoambiwa habari za vita nikiwa mdogo niliota ndoto mbaya miezi, na hakuna alienisaidia. Sisemi una nia mbaya.

mwalimu_wa_zamu

Mama wa mapacha asante, na huyo anaekuja kulala chumbani kwenu ndo mtoto namfikiria kila nikiandika.

Ila tuwe wakweli, habari imeshaingia darasani kwangu bila kitabu. Imeingia na simu ya kaka mtu, haina mwanzo wala mwisho, ina moto na kelele basi. Na wewe mwenyewe umesema uliambiwa ukaota miezi na hakuna aliekusaidia, nahisi hapo kwenye kukosa wa kukusaidia ndo kulikuwa na tatizo. Kitabu ukikisoma na mtoto mapajani unaweza kusimama, ukamuuliza umeelewaje, ukakifunga mkaendelea kesho. Klipu haikusubiri.

Na sungura naye, tukumbuke zile hadithi tulizokuzwa nazo, mtu anachemshwa kwenye sufuria, fisi anachunwa ngozi, mama anamezwa na zimwi. Bibi zetu hawakuficha kifo. Walichofanya ni kukaa na sisi gizani wakati wanasimulia, mkono wa bibi uko kichwani kwako zimwi likiwa linakula kijiji.

Sheria nilizojiwekea mwenyewe mpaka sasa ni kwamba hakuna maiti kwenye ukurasa wowote. Kuna vioo. Vipande vya vioo barabarani vinafagiliwa siku nyingi, Tatu anavisikia chini ya ndala. Na kila sura inaisha mahali ambapo mtoto anaweza kulala, kuna mtu mzima ndani ya nyumba, taa inawaka, chungu kiko jikoni. Hata ile sura ya kusubiri. Nimeiandika mara tano kwa sababu mara nne za mwanzo ilikuwa inaishia baba hajarudi, nikiamini ndo utamu wa hadithi. Nikafikiria mtoto kama wako anafunga kitabu pale saa tatu usiku. Nikaifuta.

wa_tao_nairobi

Nimeona uzi huu nikaingia tu niseme kitu, mimi ni Mkenya.

Hiyo ya vioo umeigusa pahali panauma. Shangazi yangu alikuwa anafanya kazi tao, yaani katikati ya Nairobi, jengo la mbali kidogo na barabara ya Haile Selassie. Wengi hawajui, kabla ya ule mlipuko mkubwa kulikuwa na milio ya risasi na kishindo kidogo, sasa watu maofisini wakaamka wakaenda dirishani kuangalia kuna nini. Wakiwa wamesimama kwa dirisha ndio ile kubwa ikaja. Ndio maana Nairobi watu wengi sana walipoteza macho. Shangazi alipoteza moja. Hadi leo hakai karibu na dirisha, hata kwa matatu anachagua kiti cha ndani, na sisi watoto wa nyumba tulikua tunadhani ni mambo ya umri. Hakuna mtu aliwahi kutuketisha akatueleza. Niliunganisha mwenyewe nikiwa na miaka kumi na sita, darasa letu lilipelekwa pale kwa bustani ya kumbukumbu, ile ya pembeni ya Moi Avenue ambapo ubalozi ulikuwa. Ukuta una majina yote. Nikasoma majina nikashindwa kumaliza, nikarudi nyumbani nikamwambia shangazi nimejua kwa nini hupendi dirisha, tukalia sote wawili.

Kwa hivyo mama wa mapacha nakuheshimu lakini mimi ningependa nipewe hicho kitabu nikiwa na miaka tisa. Ningemwelewa shangazi mapema.

Mwalimu nikuulize pia kuhusu hili neno gaidi. Babu yangu alikuwa msituni Nyandarua. Serikali ya mkoloni iliwaita Mau Mau magaidi, kiongozi wao Kimathi wakamnyonga 18 Februari 1957, na chama chao kikabaki marufuku kisheria hadi 2003. 2007 akasimamishiwa sanamu katikati ya jiji. Sasa mtoto ataniuliza, babu alikuwa gaidi? Na wale wa 98 ni magaidi? Utamjibu aje?

mwalimu_wa_zamu

Wa tao, nimesoma ya shangazi yako mara mbili nimeamka nimezunguka ndani. Naomba ruhusa, sio ya kumwandika yeye, ya kile kiti cha ndani cha matatu tu. Nataka kumpa bibi mmoja kwenye hadithi.

Neno gaidi nimelipa kazi. Kwenye rasimu halitokei mpaka sura ya tano, Tatu analisikia redioni kwa jirani, hajui ni mnyama au ni mtu. Anawauliza watu wanne na kila mmoja anampa jibu lake. Muuza kahawa anamwambia gaidi ni mtu wa porini anaeteka mabasi. Mwalimu wake anamwambia ni adui wa serikali. Bibi ake, mtu wa Kilwa, anamwambia Mjerumani alimwita babu wa babu yako hivo hivo wakati wa Maji Maji, kwaiyo usikimbilie jina, tazama aliempiga ni nani. Baba ndo anajibu mwisho, anamwambia mimi sijui siasa, najua yule mtu aliona kuna boza getini na mtu amekaa ndani yake, akaona, na akaendelea. Hapo nimeishia. Ya babu yako na ya wale wa 98 mtoto apewe tofauti hiyo apime, nani alikuwa analengwa, na aliepiga alimuona nani mbele yake. Najua Mau Mau nao kuna mambo yalifanyika kwa raia na siwezi kumficha mtoto kwamba yapo, ila kwa kitabu cha miaka kumi naona niache mlango wazi, sio nimfungie jibu.

Jambo lingine linalonisumbua zaidi ya neno lenyewe. Lile bomu la Dar lilitengenezewa kwenye nyumba ya kupanga huku huku Ilala. Na kati ya waliohukumiwa mahakamani New York mmoja alikuwa Mtanzania wa kutoka Zanzibar, na baadae wa pili, aliekamatwa Pakistan 2004. Kwaiyo siwezi kuandika kwamba ni watu wa mbali wakaja wakaondoka. Walikopa chumvi kwa mtu. Walipishana na watoto wa mtaa kwenye kichochoro. Tatu anauliza jirani hakujua? Na jirani kweli hakujua, na hiyo naona ndo inatisha kuliko mlipuko.

mzee_wa_kyaka

Mwanangu mwalimu, nimekaa nasoma kimya, mimi sio mtu wa kuandika sana humu.

Nilikuwa na miaka kumi na moja mwezi wa kumi 1978 majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalipoingia Kagera. Tulikuwa upande wa kaskazini wa mto. Tuliambiwa ondokeni sasa hivi, mama akafunga kitenge, akachukua mdogo wangu na sufuria, ndizi tuliziacha zinaiva shambani. Baba akabaki na ng'ombe, ng'ombe walichukuliwa wote, baba alitufikia baada ya siku kumi na mbili amekonda kama fimbo. Daraja la Kyaka wakalilipua. Mto nilioogelea tangu mdogo ukawa mpaka kati ya waliovuka na waliobaki.

Vita ile watoto wa leo wanaijua kwa hotuba moja. Novemba 1978 Mwalimu Nyerere akasema uwezo tunao, sababu tunayo, nia tunayo, wanaikariri vizuri sana kwenye sherehe na mimi naipenda, nilipoisikia redioni nilisimama wima kambini bila kuambiwa. Lakini baada ya hotuba wanaruka mpaka Kampala, 11 Aprili 1979, tumeshinda. Katikati hapana kitu. Hakuna makaburi ya askari wetu pale Kaboya mpaka tarehe 25 Julai viongozi wanapokwenda kuweka mashada. Hakuna ile miezi 18 ya kufunga mikanda ambayo haikuisha kwa miezi 18, sabuni ya kupanga foleni, sukari ya kugawiwa, sisi tumerudi nyumba haina bati wala mlango. Nani amemwandikia mtoto juu ya foleni ya sabuni? Hiyo nayo ni vita.

Andika ya kwako mwanangu lakini usitusahau.

mwalimu_wa_zamu

Shikamoo mzee wangu. Hiyo ya ndizi zinaiva shambani bila mtu nimeinakili kwenye daftari kama ilivo.

Nikuulize kwa adabu, na kama sio swali la humu nisamehe. Vita ile ina upande wa pili pia. Jeshi letu lilipoichukua Masaka Februari 1979 mji ulibomolewa vibaya, na inajulikana kwamba ilikuwa ni kulipa yale ya Kagera. Pale nako kulikuwa na mtoto wa miaka kumi na moja, na yeye ana mama aliefunga kitenge akachukua sufuria. Waganda mizinga yetu ya roketi waliipa jina Saba Saba. Sisi kwetu Saba Saba ni sikukuu, wao ni mlio. Mi naamini hadithi ya kweli ya Kagera kwa watoto ingekuwa na watoto wawili, mmoja wa Kyaka mmoja wa Masaka, hawaonani hata siku moja, kila mmoja ana mto wake. Ila sina uhakika kama sisi watu wazima tuko tayari kumruhusu mtoto asome hiyo. Wewe uliepoteza ng'ombe wa baba ako ungekubali?

mzee_wa_kyaka

Marahaba. Umeniuliza swali zito, nimetoka nje nimekaa kwanza.

Mwaka 1981 nilivuka Mutukula na mjomba kwenda kutafuta biashara, tukafika Masaka. Nikaona nyumba hazina paa kama zetu. Kulikuwa na kijana wa rika langu anauza mahindi ya kuchoma kando ya ukuta uliobomoka, akanipa hindi, hakuchukua hela, akaniuliza kwa Kiganda natoka wapi. Nikamdanganya. Nilimwambia Mbarara. Nina miaka mingi sasa na ule uwongo ninao.

Andika. Nitakubali.

mwana_goma

Miye niko Goma, Kiswahili yangu ni ya huku mutanisamehe.

Munasema 7 Agosti 1998. Huku kwetu vita ya pili ya Kongo ilianza tarehe 2 ya ule mwezi, siku tano mbele ya bomu yenu. Kwenu ile siku iliisha, kukakuya bustani na ukuta wa majina. Kwetu haiyaisha. Mwaka 1996, 1998, 2012, alafu 2025 mwezi wa kwanza mji ukaanguka tena. Batoto yangu wanajua kutofautisha mulio wa bomu na mulio wa radi kuliko vile wanajua ABC. Sasa hadithi ya historia ya vita nitaisomea mutoto gani, mwenye iko bado ndani ya vita?

Lakini nisema ukweli, nilisoma hii sura ya musichana mwenye anajaza dumu anamwaga anajaza tena, nikasomea binti yangu ku simu jana mangaribi. Akaniambia papa, mimi pia nilifanya vile wakati mama alienda kutafuta maji na risasi zikaanza. Hakunielezeaka ile kitu. Sikujua. Mwalimu utume ingine sura.

abiria_wa_kaskazini

Assalaam alaykum, na salamu kwa wote. Mimi nataka nirudi kwa yule mtoto wa dirishani maana naona tumemwacha.

Natoka Mandera, kaskazini mashariki mwa Kenya. Novemba 2014 basi lilisimamishwa huku kwetu, wasiokuwa Waislamu 28 wakatolewa wakauawa. Mwaka uliofuata, 21 Desemba 2015, basi lingine likasimamishwa karibu na El Wak, watu wenye bunduki wakaamuru Waislamu wakae upande mmoja wengine upande mwingine. Abiria wakakataa. Akina mama walikuwa wameshawapa wenzao Wakristo hijabu wajifunike. Wakawaambia wale watu, mtuue wote au mtuache wote. Mwalimu mmoja, Salah Farah, naibu mwalimu mkuu wa shule ya msingi, alipigwa risasi siku hiyo na akafariki Januari 2016 hospitalini Nairobi.

Sasa mwalimu, mtoto wako wa darasa la tano akisema walikuwa Waislamu, ni kweli, waliosimamisha basi walijiita hivyo. Na waliokataa kugawanyika nao walikuwa Waislamu. Usiifiche dini. Iandike pande zote mbili, mtoto ana akili ya kuona. Mimi nina wanangu, nawaeleza hii ya basi kila mwaka likizo ya Desemba tukipita hiyo barabara, na wanasubiri nifike pale pa hijabu, wakubwa wanamalizia wenyewe.

mwalimu_wa_zamu

Wa alaykum salaam ndugu yangu. Umenitoa kwenye mkwamo.

Nilikuwa nahangaika kutafuta namna ya kuikwepa dini na jibu lilikuwa mbele yangu siku zote. Ukisoma orodha ya waliokufa Oysterbay majina mengi ni ya Kiislamu. Ilikuwa Ijumaa, kuna waliokuwa wanategemea kuswali mchana ule. Tatu wangu ni Muislamu, baba ake ameacha kanzu imepigwa pasi juu ya kitanda asubuhi ile, akirudi na boza aoge avae aende. Kanzu ilikuwepo tangu rasimu ya kwanza nikaitoa kwa woga. Nimeirudisha. Wakati anasubiri ile saa sita, saa saba, saa nane, Tatu anaingia chumbani kuiangalia ile kanzu, haigusi.

Mwana Goma, sura nakutumia inboksi leo. Mpe binti yako pole yangu, na mwambie Tatu nae alikuwa hajamwambia mtu.

mama_wa_mapacha

Mwalimu nimerudi. Sijabadilika sana, bado nasema miaka tisa ni mapema kwa wengine. Ila niliwauliza tu wangu kwa kuwachokoza kama wanajua habari za bomu la Oysterbay. Wote wawili wanajua. Yule mwoga ndo anajua zaidi, ana picha nzima kichwani ya uwongo mtupu, anaamini jengo lilianguka na ndege, kachanganya na ya New York. Kumbe ndo maana mlango ukigonga anakuja. Nitumie na mimi hiyo sura, nitaanza kusoma peke yangu.

mwalimu_wa_zamu

Nimewatumia wote walioomba. Naleta mrejesho alafu nilale maana kesho nina zamu.

Leo kipindi cha mwisho niliwasomea darasa sura tatu za kwanza. Watoto 61, madawati ya kubanana, joto, na nje darasa la pili wanaimba. Sikuwaambia nimeandika mimi. Pale pa kusubiri palikuwa kimya mpaka nikawa nasikia karatasi inavogeuka. Yule wa kike wa klipu alikuwa ameshika mdomo. Baba alipoingia mlangoni na vumbi lake wakapiga makofi, sikutarajia, wamepiga makofi kama goli limefungwa, na mi nimesimama mbele ya darasa machozi yananitoka nikajifanya nafuta ubao.

Nikawaambia maswali. Yaliulizwa mengi, kama boza lina gia ngapi, kama Tatu alichapwa kwa kumwaga maji, kama wale watu walikamatwa. Wa dirishani alinyoosha mkono wa mwisho. Hajawahi kunyoosha mkono tangu siku ile. Akasimama akasema mwalimu, huyu Tatu ana jina, baba ake ana jina, hata kuku wa jirani kapewa jina. Yule mtoto mwingine ambae baba ake hakurudi, mbona hana?

Nikafungua rasimu pale pale mbele yao nikatafuta. Kweli. Nimemwandika mara nne na mara zote nimemwita "mtoto wa nyumba ile".

Nikamwambia njoo uniandikie kwenye daftari langu, aitwe nani. Akaja, akafikiria, akaandika, akarudi kukaa. Jina naanza kuliingiza usiku huu kuanzia sura ya kwanza.